Kuzima au kuiacha inawaka? Swali la kinyozi wa Balangdalalu kuhusu amplifaya yake

Swali hili tuliulizwa kwenye kibanda cha kunyolea nywele huko Balangdalalu, wilayani Hanang, siku ya mnada, wakati muziki wa kila kibanda unashindana na wa jirani yake. Kinyozi alikuwa na mashine mkononi na mteja kitini. "Kaka zangu wa redio," alisema, "hiyo amplifaya hapo juu ya kabati sijaizima tangu mwaka jana. Usiku nafunga kibanda, napunguza sauti, naiacha. Fundi aliniambia kinachoua chombo ni washa-zima, washa-zima. Nimeshauriwa vizuri au nimedanganywa?"

Kabla hatujajibu, mzee aliyekuwa ananyolewa alidakia. Yeye redio yake huizima kila usiku na kuchomoa waya ukutani, na anayo tangu wanawe hawajaanza shule. "Kijana wangu, hata ng'ombe hulala," alimwambia kinyozi, na kibanda kizima kikacheka.

Tuliahidi kulijibu kwa maandishi, maana ni swali linalorudi kila tunapopita vijijini, na hewani huwa hatupati muda wa kulimaliza. Jibu fupi tulitoe mapema kwa asiye na nafasi ya kusoma yote: amplifaya, sabufa na redio za siku hizi zizimwe zisipotumika. Sauti haipungui kwa kuzimwa, na joto la kuwaka usiku na mchana linakula umri wa chombo kuliko swichi inavyoula. Lakini kinyozi na mzee wake walikuwa wanabishania jambo la pili kwa uzito. La kwanza, kwa mazingira yetu, ni ile dakika umeme uliokatika unaporudi. Tutafika huko.

Fundi hakutunga

Ushauri wa kutozima chombo una historia yake, na kwa vyombo vya zamani ulikuwa ushauri mzuri. Kabla ya transista, redio na amplifaya zilitumia vali, zile taa za kioo zenye uzi ndani unaowaka wekundu. Vali haifanyi kazi mpaka uzi wake upate moto. Uzi uliopoa unapitisha umeme kwa urahisi kuliko uzi wa moto, kwa hiyo kila unapowasha, mkondo mkubwa unaingia kwa ghafla. Chuma kinatanuka. Ukizima, kinasinyaa. Baada ya mara nyingi za namna hiyo kinachoka na kukatika. Wanaokumbuka balbu za zamani za uzi watakumbuka pia kwamba mara nyingi ziliungua pale pale ulipobonyeza swichi.

Waliolijua jambo hili kwa undani ni watu wa simu na wa kompyuta za kwanza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mhandisi wa Posta ya Uingereza, Tommy Flowers, alijenga Colossus, mashine ya kusaidia kufumbua ujumbe wa siri wa Wajerumani. Ilitumia zaidi ya vali 1,500, na wapo walioamini kwamba vali nyingi kiasi hicho zisingeweza kufanya kazi pamoja bila kuungua ovyo. Flowers alikuwa ameshazitumia kwenye mitambo ya simu, akajua kwamba vali ikiwashwa na kuachwa bila kuzimwa-zimwa hudumu. Marekani nako, mashine ya ENIAC iliyozinduliwa mwaka 1946 ilikuwa na vali karibu 18,000. Waendeshaji wake waliona kwamba nyingi zilikufa wakati wa kuwasha na wakati wa kuzima, wakaamua kuiacha ikiwaka.

Mafundi wa redio wa enzi hizo walilishika somo hilo, wakawafundisha vijana wao, na vijana wakawafundisha wengine. Vali zikaondoka, somo likabaki. Ndani ya amplifaya ya kinyozi wetu hakuna vali hata moja.

Huku vijijini redio ya vali haikupata nafasi kubwa kwa sababu umeme wenyewe haukuwepo. Iliyoenea ni redio ya transista inayotumia betri, au mawe kama wengi tulivyozoea kuyaita. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi kusikiliza vipindi vya afya vya redio na kuvijadili. Hakuna aliyeacha redio ile ikiwaka usiku kucha. Mawe yalikuwa pesa, na yakichoka yalianikwa juani yapate nguvu ya siku moja zaidi. Mzee wa kibandani amekulia katika tabia hiyo, na ndiyo iliyomtunzia redio yake.

Je, sauti huwa nzuri zaidi chombo kikishapata moto?

Wapo wapenzi wa muziki wanaoacha amplifaya zikiwaka wiki nzima kwa imani kwamba sauti inaiva. Hawajakosea kila kitu. Transista hubadilika kidogo kulingana na joto lake. Katika amplifaya nyingi kuna mkondo mdogo unaopita hata muziki ukiwa kimya, ili transista ziwe tayari, na mkondo huo hutulia pale bati la kupozea linapofikia joto lake la kawaida. Kwa amplifaya nyingi hilo huchukua kati ya dakika 10 na 30. Baada ya hapo, hata ukiiacha ikiwaka hadi mnada mwingine, hakuna kinachoendelea kuiva. Na tofauti ya dakika hizo za mwanzo ni ndogo kiasi kwamba vyombo vya kupimia huiona lakini sikio la kawaida haliisikii, hasa barabarani penye bodaboda na mashine ya kusaga.

Kwenye vali tofauti ni ya kweli zaidi, na mwenye amplifaya ya gitaa ya aina hiyo ana sababu ya kuiwasha dakika kadhaa kabla ya ibada au tamasha. Studioni kwetu pia maikrofoni za matangazo tunazipa umeme wake, volti 48, mapema kabla ya taarifa ya habari. Tunafanya hivyo ili kama kuna mkwaruzo tuusikie sisi kabla hamjausikia ninyi.

Kinyozi alitubishia hapa. Alisema asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Mlima Hanang inaposhuka, besi ya spika zake huwa kavu mpaka jua lipande. Tunamwamini. Ule mpira au kitambaa kinachoshikilia koni ya spika hukakamaa kidogo kwenye baridi na hulegea ukishacheza kwa muda. Lakini hiyo ni spika, na spika haipati joto lolote kwa sababu amplifaya imelala inawaka. Isipopelekewa muziki, koni haiendi na waya wake haupati moto. Amplifaya ilikuwa inapasha joto kabati tu.

Joto linakula nini

Ukifungua amplifaya au sabufa utaona mikebe midogo ya duara iliyosimama kwenye bodi, mikubwa ikiwa karibu na transfoma. Hizo ni kapasita. Kazi yake ni kuhifadhi umeme kidogo na kuulainisha ili spika zisivume. Ndani yake kuna karatasi iliyolowa maji ya kemikali, na maji hayo hukauka polepole. Kadiri joto linavyopanda ndivyo yanavyokauka upesi. Kapasita ikikauka, sauti inaanza kuvuma, besi inalegea, na mwisho chombo kinagoma kuwaka. Fundi akikuonyesha kapasita iliyotuna kichwa kama chupa ya soda iliyogandishwa, ujue imefika mwisho.

Watengenezaji huandika kwenye mkebe kiwango cha juu cha joto, kwa kawaida nyuzi 85 au 105 za Selsiasi, na kwenye karatasi zao hutaja saa ambazo kapasita inahimili katika joto hilo. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni rahisi kukumbuka: kila joto likishuka kwa nyuzi 10, umri unaongezeka takribani mara mbili.

Tuipigie hesabu ya kibanda cha kinyozi. Chukua kapasita ya kawaida ya saa 2,000 kwa nyuzi 85. Kwa nyuzi 75 itahimili saa 4,000, kwa nyuzi 65 saa 8,000, kwa nyuzi 55 saa 16,000. Tuseme ndani ya amplifaya yake, iliyobanwa juu ya kabati chini ya bati la paa, kuna nyuzi 55. Mwaka una saa 8,760. Ikiwaka usiku na mchana, saa 16,000 zinakwisha kabla ya miaka miwili kutimia. Ikiwaka saa 4 kwa siku, saa zile zile zinafika karibu miaka 11. Hatusemi kwamba siku ya mwisho ya hesabu itazimika puu. Kapasita nzuri huvuka na mbaya haifiki. Lakini kati ya miaka miwili na kumi na moja kuna nafasi kubwa ya kukosea bila hesabu kubadilisha jibu.

Ndiyo maana pia tunasema mahali pa kuweka chombo pana maana sawa na swichi. Ukishusha joto la ndani nyuzi 10 kwa kuitoa amplifaya juu ya kabati, kuiondolea kitambaa cha kufumwa kilichoifunika, na kuacha upana wa kiganja kila upande hewa ipite, umeongeza umri wake maradufu bila kununua kitu. Vitambaa vya mama zetu ni vizuri sana, lakini viwekwe mezani.

Kuna na hasara ya pesa. Amplifaya kubwa ya aina ile, hata ikiwa kimya, inaweza kula wati 60. Kwa saa 24 na siku 30 hizo ni uniti 43 za LUKU. Kwa mteja mdogo wa nyumbani anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, ambaye akivuka uniti 75 kwa mwezi bei inapanda zaidi ya mara tatu, amplifaya inayolala ikiwaka inaweza kuwa ndiyo inayomvusha. Sabufa ndogo inayokula wati 10 ikiwa kimya ni uniti 7 na kitu kwa mwezi. Vyombo vipya vizuri vinakula kidogo zaidi: Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2013, hauruhusu vyombo vingi vya nyumbani kula zaidi ya nusu wati vikiwa vimezimwa kwa rimoti. Sabufa zinazouzwa minadani kwetu hazikutengenezwa zote kwa sheria hiyo.

Na je, kuwasha na kuzima hakuna madhara kabisa?

Yapo. Sekunde ya kwanza ya kuwasha, kapasita zikiwa tupu, zinavuta umeme kwa pupa, mara nyingi zaidi ya kiasi cha kawaida. Chombo kilichoundwa vizuri kina kifaa cha kupunguza pupa hiyo. Sehemu zilizochomelewa kwenye bodi nazo zinatanuka na kusinyaa. Kuwasha mara moja au mbili kwa siku, hata hivyo, ni jambo ambalo mtengenezaji alilitarajia. Kuwasha na kuzima kila baada ya dakika kumi, kama watoto wanavyofanya wakigombea rimoti, silo alilotarajia. Sisi wenyewe tumejiwekea kipimo hiki: ukiondoka kwa muda usiozidi saa moja, punguza sauti uende, ukizidi hapo, zima.

Madhara makubwa ya kuwasha hayaipati amplifaya, yanazipata spika, na husababishwa na mpangilio. Ule mshindo wa "pu!" unaosikika kanisani au msikitini vyombo vikiwashwa ni umeme wa ghafla unaosukuma koni hadi mwisho wake. Spika ndogo za sauti nyembamba ndizo huumia kwanza. Washa chanzo cha muziki, kisha mikisa, na amplifaya iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima anza na amplifaya. Kwaya nyingi zingepunguza safari za kwa fundi kwa mpangilio huu pekee.

Umeme unaporudi

Sasa tufike kwenye lile la kwanza. Umeme ukikatika kijijini, watu wachache sana huinuka kwenda kuzima vitu. Friji, mashine ya kusaga, televisheni, amplifaya, vyote vinabaki swichi zimewashwa. Umeme ukirudi, vyote vinavuta kwa wakati mmoja. Nguvu inashuka, inaruka juu, pengine inakatika tena na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja. Amplifaya iliyoachwa ikiwaka inapokea kila mruko, na kila mruko unakutana na kapasita zilizokwisha kuwa tupu, zenye pupa ile ile tuliyoieleza. Kwa hiyo kinyozi aliyekwepa washa-zima ya mkono wake alikuwa anawashiwa na kuzimiwa na laini ya umeme, bila mpangilio, usiku yeye akiwa amelala.

Umeme wetu wa majumbani unatakiwa kuwa volti 230. Waya wa nyutro ukikatika au ukilegea kwenye nguzo inayohudumia nyumba kwa laini tatu, baadhi ya nyumba zinaweza kupata volti zinazokaribia 400 huku jirani akipata umeme hafifu. Dalili yake ni taa zinazong'aa kupita kawaida, wakati nyingine zinafifia. Ukiiona dalili hiyo usianze kutafuta rimoti. Zima swichi kuu ya nyumba, ndipo upige simu kwa wahusika.

Radi nayo haiheshimu swichi. Nafasi ndani ya swichi ya ukutani ni ndogo sana, na umeme wa radi uliosafiri kwenye nyaya kutoka mbali unairuka. Kinga ya kweli ni kuchomoa plagi, na waya wa antena pia, kabla mvua haijafika, si wakati ngurumo zimeshakuwa juu ya paa. Kuzima kwa rimoti ndiyo kinga dhaifu kuliko zote. Taa ndogo nyekundu inapowaka, sehemu ya umeme ya chombo bado iko kazini na bado imeunganishwa na laini.

Tunasema haya tukiwa na kovu. Mwaka mmoja wa mvua nyingi tulipoteza mikisa ya studio ya kurekodia kwa uzembe wetu wenyewe. Umeme ulikatika jioni, mtu wa zamu akaondoka akijua utarudi asubuhi, kila kitu kikiwa kimewashwa. Ulirudi usiku wa manane kwa kurukaruka. Asubuhi chumba kilinuka plastiki iliyoungua, na vipindi viwili vya wasikilizaji vilivyokuwa vimepangwa kurekodiwa siku hiyo havikurekodiwa. Tangu hapo umeme ukikatika tunazima vyote, tunaacha taa moja. Ukirudi tunaiangalia ile taa kwa dakika 5. Ikitulia, ndipo tunawasha kimoja baada ya kingine. Mwenye biashara asiyeweza kuwepo muda wote anaweza kununua kile kifaa cha kulindia friji, kinachokata umeme ukizidi au ukipungua na kusubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu tena. Kinalinda amplifaya vilevile, mradi uhakikishe kinabeba mzigo wa chombo chako.

Nyumba za sola

Sehemu kubwa ya wasikilizaji wetu, hasa walio mbali na barabara, hawana laini ya umeme. Wana paneli juu ya nyumba, betri moja, na sabufa. Kwao swali la kinyozi lina jibu kali zaidi, kwa sababu kinachokufa mapema si sabufa. Ni betri, nayo ndiyo yenye gharama.

Chukua betri ya risasi na asidi ya volti 12 na saa-ampia 50. Kwa maandishi inabeba wati-saa 600. Lakini betri ya aina hii ikizoea kushushwa chini ya nusu inachakaa haraka, kwa hiyo za kutumia kwa amani ni 300. Sabufa ya wati 10 ikiachwa kimya inawaka kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi inakula wati-saa 120. Hizo ni karibu nusu ya akiba yako ya usiku, na hakuna aliyesikia hata wimbo mmoja. Ikiwa sabufa inapitia inveta, ongeza na kile ambacho inveta yenyewe inakula ili iwe macho. Katika siku za mawingu paneli hairudishi kilicholiwa, betri inashuka siku baada ya siku, na baada ya msimu mmoja wa mvua mtu anasema aliuziwa betri mbovu.

Tunalikazia hili kwa sababu nyingine pia. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuwaua watu zaidi ya 80 katika eneo la Katesh na vijiji jirani, huduma za umeme, maji na barabara zilivurugika. Siku za namna hiyo redio ndogo yenye chaji ni chombo cha kujua njia ipi imefungwa na wapi pa kukimbilia. Betri ya nyumba isiwe imemalizwa na sabufa iliyokuwa kimya.

Mbona mtambo wenu hamuuzimi?

Kinyozi hakutuacha tuondoke bila kutuuliza hili, na alikuwa na haki. Mtambo wa kurushia matangazo tunauacha ukiwaka saa zote tunazokuwa hewani, hata usiku ambapo hakuna mtangazaji. Sababu ya kwanza ni ninyi: ukizimwa, hakuna redio. Sababu ya pili ni kwamba umeundwa kwa kazi hiyo. Una feni kubwa, una kinga ya kujipunguza nguvu wenyewe ukipata joto kupita kiasi, una mtu anayeukagua, na kapasita zake huhesabiwa saa na kubadilishwa. Vyumbani mwa studio, ambako hakuna ulazima huo, amplifaya za spika zinazimwa mtu wa mwisho anapotoka.

Feni zenyewe zina gharama yake huku kwetu. Kiangazi, upepo unapovuka Ziwa Balangida lililokauka, unabeba vumbi lenye chumvi na magadi. Chombo chenye feni kinachowaka muda wote kinavuta vumbi hilo muda wote, linajilaza juu ya bodi, na siku hewa ikipata unyevu linaanza kula shaba. Peperusha vumbi kwa brashi laini na pampu ya baiskeli angalau mara moja kabla ya masika, chombo kikiwa kimechomolewa.

Hapa ndipo tunapoweza kuwatetea kidogo wanaoacha vyombo vikiwaka. Ndugu zetu wa Tanga au Unguja, kwenye unyevu wa bahari, wana sababu fulani: chombo chenye uvuguvugu hakishiki ukungu wala kutu kirahisi. Kwenye hewa yetu kavu hoja hiyo haina nguvu, isipokuwa asubuhi za baridi kali. Ukitoa amplifaya iliyolala kwenye gari au stoo ya baridi na kuiingiza kwenye chumba cha joto chenye watu, inatoa jasho ndani kama chupa ya maji baridi. Iache nusu saa ikauke kabla ya kuiwasha.

Redio iliyo kwenye sanduku

Tulipokuwa tunaaga, yule mzee, sasa kichwa kimenyolewa vizuri, alituvuta pembeni. Ana redio nyingine, ya marehemu kaka yake, iliyokaa kwenye sanduku miaka mingi. Kama kuzima ni kuzuri, hiyo si itakuwa mpya?

Hapana, mzee wetu. Kapasita isiyopata umeme kwa miaka mingi nayo inaharibika kwa njia yake: utando mwembamba unaotenganisha sehemu zake unadhoofika, na ukiipa umeme wote kwa mara moja inaweza kupasuka. Chombo unachokitunza bila kukitumia kiwashwe saa moja kila baada ya miezi michache. Kilichokaa muda mrefu kama cha kaka yako usikichomeke ukutani. Kipeleke kwa fundi akipe umeme kidogo kidogo huku anakiangalia. Kabla ya safari hiyo fungua mfuniko wa nyuma utoe mawe, maana bila shaka yamevuja. Ule unga mweupe kwenye springi usiuguse kwa mkono mtupu. Ukwangue kwa kijiti, futa kwa kitambaa kikavu, na kama springi haijaliwa hadi kukatika, redio ile huenda bado ikaimba.